Elfi wangu anaona joto gizani: aone nini hasa?

*"Mtaalamu, shikamoo. Ninaongoza mchezo wa Dungeons & Dragons, ule wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni, kwa marafiki wanne, na tunafuata kanuni za zamani, toleo la pili. Elfi (kiumbe wa hadithi anayefanana na mtu) na kibete wa kundi letu wana infravisheni, uwezo wa kuona gizani, ya futi 60. Anayecheza elfi anataka aone kila kitu ndani ya pango lenye giza totoro: sura za watu, mashimo sakafuni, hata maandishi ukutani. Mwingine, anayesoma baiolojia chuoni, anasema joto halionekani hivyo. Elfi aone kama nyoka, yaani mabaka tu, na mifupa inayotembea asiione kabisa. Kaka yangu naye anashikilia kwamba chatu na kifutu wote wanaona joto. Tumeshavunja vikao viwili kwa ubishi huu. Je, kuna mnyama mwenye macho ya namna hii kweli? Mimi niamue vipi mezani? Na tunaweza kupima wenyewe?"*

Marahaba. Mnabishana mambo matatu kwa wakati mmoja: kanuni inasema nini, fizikia inaruhusu nini, na wanyama wanafanya nini. Ndiyo maana hamfiki mwisho. Mwanabaiolojia wenu yuko karibu na ukweli, ingawa kwenye mifupa amezidisha. Mwenye elfi amekosea fizikia, lakini kwa kanuni ana pa kusimama.

Nianze na kanuni kwa sababu ni jambo fupi. Vitabu vya mwishoni mwa miaka ya 1970 vilieleza infravisheni kuwa ni uwezo wa kuona infraredi, yaani mionzi ya joto ambayo macho yetu hayaioni, na masafa ya kawaida yalikuwa futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Toleo la pili, lililotoka mwaka 1989, liliwaachia waongozaji njia mbili. Kwa njia ya kawaida mhusika anaona gizani hadi umbali huo, basi, hakuna maswali. Kwa njia ya hiari anaona joto. Kama hamkuwahi kutamka kwamba mnafuata ile ya hiari, elfi wenu ana haki ya kulalamika mkimgeuzia mambo katikati ya safari. Toleo la tatu la mwaka 2000 lilitupa habari ya joto kabisa, likaweka uoni wa gizani usio na rangi, na matoleo yaliyofuata yakabaki hapo. Sishangai. Joto likichukuliwa kwa uzito wake linamtaka mwongozaji ajue mambo mengi ambayo ramani yake haikuandika.

Sasa fizikia. Kosa linalowapata wengi ni kudhani kwamba mwili wenye joto hutoa mionzi na ukuta wa baridi hautoi. Vyote hutoa. Ngozi ya mtu yenye digrii 33 za Selsiasi hutoa takriban wati 500 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa mawe wenye digrii 20 hutoa kama wati 420. Maana yake mtu anauzidi ukuta kwa chini ya asilimia 20. Zile picha za mtu mwekundu na njano mbele ya mandhari ya buluu ni kazi ya programu ya kamera: imechukua tofauti ndogo, ikaivuta, ikaipaka rangi. Kinachoonekana katika joto ni tofauti ya joto. Pasipo na tofauti hapana picha, hata mionzi iwe tele kiasi gani.

Hapo ndipo pango linapomtesa elfi wenu. Ndani kabisa ya pango, mbali na mlango, joto hubadilika kidogo sana mwaka mzima, na mawe, sakafu na hewa vyote hukaribia kiwango kimoja. Kwa mtu anayeona joto, hali hiyo ni kama kusimama kwenye ukungu mzito saa sita mchana: mwanga upo kila upande, lakini hakuna kivuli wala ukingo. Goblini, yule adui mdogo wa mchezo, aliyejificha nyuma ya nguzo atamtambua papo hapo akichungulia. Nguzo yenyewe anaweza kuigonga kwa paji la uso. Shimo sakafuni lina joto lilelile la sakafu, kwa hiyo halionekani, isipokuwa hewa ya baridi iwe inapanda kutoka chini na kupoza kingo zake, au pawe na maji yanayovukizwa. Udongo uliofukuliwa punde unaweza kuonekana, maana umetoka kwenye kina chenye joto tofauti au una unyevu mwingi. Kwa mwongozaji hii ni zawadi: mtego wa zamani haumwonyeshi elfi lolote, mtego wa jana unaweza kumwonyesha.

Nitofautishe kitu kingine kabla hatujaingia kwa wanyama. Kamera ya ulinzi iliyo getini, inayoona usiku, haioni joto. Ina taa ndogo zinazotoa infraredi ya karibu, kwa kawaida nanomita 850 au 940, ambayo ni jirani tu wa mwanga mwekundu. Inamulika na kupokea mwanga unaorudi, kama tochi usiyoiona. Mionzi ya mwili wa mtu iko mbali na hapo: kilele chake ni kwenye mikromita (sehemu za elfu za milimita) 9 hadi 10, wimbi lenye urefu wa kama mara 17 ya wimbi la mwanga wa kijani. Watu wakisema "infraredi" huchanganya hizi mbili, na nusu ya mabishano huanzia hapo.

Kwa mawimbi marefu hivyo, jicho la kawaida halifai. Kwanza, nguvu ya chembe moja ya mionzi ya mikromita 10 ni kama sehemu moja ya 20 ya nguvu ya chembe ya mwanga unaoonekana, kwa hiyo haiwezi kuichokoza kemikali ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ukitengeneza kemikali nyepesi ya kuchokozwa na nguvu ndogo kiasi hicho, itachokozwa na joto lake yenyewe muda wote. Pili, jicho limejaa maji, na maji huimeza mionzi hiyo kabla haijapenya hata milimita moja. Tatu, jicho lenyewe lina digrii 37 hivi. Ndani yake kungewaka kuliko nje. Nne, hata ukitatua yote hayo, mboni ya milimita 7 haiwezi kuchora picha kali kwa wimbi refu namna hiyo. Ukipiga hesabu, vitu viwili vilivyo umbali wa mita 18 vitaungana kuwa kimoja kama vimeachana kwa chini ya sentimita 3. Kwa umbali wa mita 3, kiwango hicho kinashuka hadi nusu sentimita. Weka namba hizi mbili akilini, tutazitumia mezani.

Kwa hiyo, hapana, hakuna mnyama anayejulikana mwenye jicho la kuona joto la mwili. Walioweza kulihisi walijenga kiungo kingine pembeni ya jicho.

Bingwa wao ni kundi la nyoka wenye vishimo usoni, akiwemo yule wa Marekani mwenye njuga mkiani. Kati ya jicho na tundu la pua, kila upande, ana kishimo, na ndani yake umetandazwa utando wenye unene wa mikromita 15 hivi, ukiwa na hewa mbele na nyuma. Wembamba huo ndio siri yenyewe. Kitu chembamba kilichoning'inia hewani hupata joto upesi na kupoa upesi, na mishipa midogo ya damu iliyosongamana humo huusaidia urudi hali yake ili upokee habari mpya. Majaribio yaliyoanza miaka ya 1950 yalionyesha kwamba neva zake hustuka kwa badiliko la digrii 0.003. Mwaka 2010 timu ya David Julius wa San Francisco, aliyepata Nobeli mwaka 2021, ilionyesha kipokezi, yaani protini ya neva, kinachofanya kazi hiyo: kinaitwa TRPA1, na kwa nyoka huyo hufunguka joto la utando linapofika kama digrii 28. Sisi pia tunacho. Kwetu ndicho kinachochoma puani ukila haradali.

Pamoja na wepesi huo, picha anayoipata ni mbovu. Mdomo wa kishimo ni mpana, kwa hiyo joto la panya haliangukii nukta moja kwenye utando, linatapakaa. Ubongo husafisha kiasi, na panya anatambulika kwa umbali wa kama mita 1, si 18. Lakini, na hapa mwanabaiolojia wenu amepitwa na jambo, nyoka haoni mabaka peke yake. Habari za kishimo na za jicho hukutana katika sehemu moja ya ubongo, ramani juu ya ramani. Jicho linampa umbo, kishimo kinamwambia lipi kati ya maumbo hayo lina damu ya moto.

Kaka yako amepata nusu. Chatu wa kwetu ana vishimo vya joto kwenye midomo, ukimtazama kwa karibu utaviona vimejipanga, ingawa wepesi wake ni mdogo kuliko wa yule wa njuga. Kifutu hana. Ni nyoka wa jamii ya vipiri wasio na vishimo, na wenye vishimo hawapatikani Afrika hata mmoja. Wapo Asia na mabara ya Amerika. Kifutu hujilaza akasubiri, akitumia macho, ulimi na mtikisiko wa ardhi.

Kwa elfi, hata hivyo, mfano bora ni popo mnywa damu wa Amerika ya Kusini na ya Kati, kwa sababu naye ni mnyama wa damu moto na amelitatua tatizo la kujichoma mwenyewe. Puani ana vishimo ambavyo ngozi yake hubaki baridi kuliko uso wake kwa digrii 9 hivi. Kipokezi chake ni TRPV1, kilekile kinachotufanya tuhisi pilipili inawaka. Kwetu hufunguka kwenye digrii 43, kwake toleo fupi la kipokezi hicho hufunguka karibu na digrii 30. Hukitumia akiwa ameshatua kwa ng'ombe, umbali wa sentimita 10 hadi 20, kutafuta mahali damu inapopita karibu na ngozi. Kuna pia mbawakawa wa jenasi ya Melanophila, ambao huvihisi vichaka vinavyoungua ili wakatage kwenye miti iliyoungua, lakini huyo anatafuta moto, si mwili.

Na komba, paka au bundi? Hao wana macho makubwa au yenye kioo nyuma ya retina kinachorudisha mwanga mara ya pili, ndiyo sababu macho ya komba yanawaka ukimmulika. Wanatumia mwanga mdogo vizuri sana. Pasipo na mwanga kabisa, komba ni kipofu kama wewe. Uoni wa gizani wa matoleo mapya, unaofanya kazi hata kwenye giza kamili, hauna mnyama wa kuusimamia. Ni uchawi, na si vibaya kusema hivyo mezani.

Una njia tatu basi. Ya kwanza ni kubaki na kanuni ya kawaida na kuiita uchawi. Kama wachezaji wako wanapenda mapigano ya haraka, chagua hiyo na ubishi umekwisha. Ya pili ni unyoka mtupu, mita 1, ambayo itamfanya elfi ajute kuzaliwa elfi. Ya tatu ndiyo ningeichagua: elfi ana macho ya komba kwa mwanga hafifu, na juu yake hisia ya joto ya futi 60, vikikutana kichwani kama kwa nyoka. Nje usiku, penye nyota, atakuwa bora kuliko wote. Pangoni bila taa atabaki na joto peke yake.

Kuitumia ni kazi ya namba mbili. Pembeni ya kila chumba kwenye ramani yako andika joto la kuta, kisha joto la kila kitu kinachojitofautisha. Tofauti ya digrii 10 au zaidi inaonekana hadi futi 60. Digrii 4 hadi 9, futi 30. Digrii 2 au 3, futi 10. Chini ya hapo, haionekani. Sura ya mtu haitambuliki zaidi ya futi 10, kwa sababu ya zile hesabu za mboni. Mbali zaidi anaona kichwa, mikono na mwendo. Viwango hivi nimevikata mimi kwa ajili ya meza, virekebishe mkiona vinabana.

Chukua chumba kilichoandikwa hivi: kuta 14, goblini wanne ngozi 32, jiko lililozimwa 22, kiti 17. Usimwambie elfi "kuna goblini wanne na jiko." Mwambie: "Futi 50 mbele yako kuna miili minne, mifupi. Mitatu imelala, mmoja umesimama umekupa ubavu. Mikono yake imekunjwa mbele, kama ameshika kitu usichokiona." Panga la chuma lililokaa chumbani lina digrii 14, halionekani. Akisogea hadi futi 30 ndipo analiona jiko. Akifika futi 10 anagundua kiti kilicho tupu chenye joto la makalio: kuna wa tano, ametoka punde. Habari hiyo ya mwisho hakuna mwenye tochi angeipata, na ndiyo itakayomfanya mwenye elfi aache kulalamika.

Vitu vitatu vitawachanganya, vikumbuke. Chuma kilichong'arishwa hutoa mionzi kidogo sana na badala yake huakisi ya jirani, hivyo askari mwenye deraya inayong'aa huonekana kama kipande cha ukuta chenye uso unaoelea juu yake. Ikishika kutu, inaanza kumwumbua. Kioo hakipitishi mionzi hii, kwa hiyo elfi haoni kitu ndani ya chupa wala ng'ambo ya dirisha. Maji vilevile: kinachoogelea nusu mita chini hakionekani mpaka kitoe kichwa.

Kuhusu maandishi: wino na karatasi vina joto moja, hasomi. Lakini vibete wenye akili wanaweza kuchonga herufi ukutani na kuzijaza fedha iliyosuguliwa. Ukisimama mbele yake, fedha inaakisi joto la uso wako mwenyewe na jiwe haliakisi, hivyo maandishi yanajitokeza kadiri unavyokaribia. Fizikia inakubali kabisa.

Mifupa inayotembea iko kwenye joto la chumba, kwa hiyo ikibaki humo haionekani. Ikihama kutoka ghala la baridi kuingia ukumbi wenye moto, itaonekana kama umbo jeusi mpaka ipate joto. Maiti iliyofufuliwa inategemea imekufa lini: mwili hupoa kwa takriban digrii 1 kwa saa, kwa hiyo aliyekufa asubuhi bado anaonekana jioni. Mijusi-watu, wakiwa wa damu baridi, watakuwa karibu na joto la mahali walipolala.

Tochi ya moto humzuia elfi kuona kilicho upande uleule, lakini haiangazi kuta kwa joto, maana jiwe humeza mionzi hii kuliko kuirudisha. Macho yake ya kawaida ndiyo yanayoumia zaidi; retina huhitaji kama nusu saa kurudia uwezo wake kamili wa gizani.

Adui naye ana ujanja wake. Tope mbichi mwilini humficha kwa dakika chache, kisha tope lenyewe linapata joto. Blanketi lisilogusa mwili hudumu zaidi. Kukaa karibu na moto ni bora kuliko yote. Kuna hata wa kuigwa: kindi wa ardhini wa California, akikabiliwa na nyoka wa njuga, huupasha mkia joto na kuupunga ili aonekane mkubwa, akikabiliwa na nyoka asiye na vishimo, huupunga bila kuupasha. Hilo lilichapishwa mwaka 2007. Goblini mwenye sufuria za mawe moto zilizofunikwa matambara anaweza kumwonyesha elfi jeshi lisilokuwepo.

Kupima mnaweza. Baadhi ya mafundi wa umeme wana kamera ndogo ya joto ya kuchomeka kwenye simu. Za bei ya chini huwa na nukta 80 kwa 60 tu, nzuri hadi 256 kwa 192. Azimeni moja jioni. Zima mpangilio wa rangi, uweke kijivu, na ukiweza funga kiwango cha joto kiwe kati ya digrii 10 na 40 ili programu isivute tofauti yenyewe. Weka kiganja ukutani sekunde 10, ondoa, hesabu alama inafifia baada ya muda gani. Simama nyuma ya kioo cha dirisha. Shika sufuria iliyong'arishwa mbele ya uso. Kisha jaribu kusoma gazeti. Mwenye elfi akishiriki mwenyewe, hutahitaji kumshawishi.

Nyoka msimpime. Kama mnataka kuviona vishimo vya chatu, nendeni penye watunzaji, kwa mfano bustani ya nyoka ya Makumbusho ya Taifa Nairobi, au Meserani nje ya Arusha, mwombeni mtunzaji awaonyeshe midomo yake kupitia kioo. Nyoka akiingia nyumbani, mwiteni mtu aliyefunzwa amtoe. Na mtu akiumwa na kifutu au nyoka yeyote, msimkate, msimfunge kamba, msimnyonye. Mvueni pete na saa, mtulizeni kiungo kisicheze, na mumfikishe hospitali mara moja.